Vitamini E imo ndani ya nyungu yetu



Kuna swali linalorudi mara kwa mara katika makundi yetu: vile vidonge laini vya vitamini E vinavyouzwa sokoni na katika maduka ya dawa, je, tuvinunue? Mmoja anavitaka kwa ajili ya ngozi. Mwingine ameambiwa vitamsaidia kushika mimba, au kuizuia isitoke. Mwingine ana mtoto asiyeongezeka uzito. Franka zinazotoka hapo mara nyingi ni zile zilizokuwa zinunue mboga ya nyumba nzima.

Jibu letu tunalitoa mapema: mama mwenye afya anayekula mafuta mazuri, karanga na majani hana haja ya kununua vidonge hivyo. Vitamini E imo tayari katika chakula tunachokijua. Taabu ni kwamba inapotea kwa urahisi. Jua linaiharibu, hewa inaiharibu, moto mkali unaiharibu. Kwa hiyo wiki hii tuzungumze juu ya mafuta: tunavyoyanunua, tunavyoyaweka, na tunavyoyapika.

Vitamini ya kuzaa, na mlinzi wa mafuta

Vitamini E iligunduliwa mwaka 1922 huko California, Marekani, na watafiti wawili: Herbert Evans na mwanamke daktari, Katharine Bishop. Walikuwa wakiwalisha panya chakula ambacho mafuta yake yalikuwa ya nguruwe. Panya wale walikua, walionekana wazima, wakashika mimba, lakini vitoto vilikufa tumboni. Walipoongezewa majani mabichi ya saladi, wakazaa vizuri. Baadaye ikaonekana kwamba kiini cha ngano kinafanya kazi ileile, na mwaka 1936 vitamini yenyewe ikatolewa safi katika mafuta ya ngano. Ikapewa jina la tokoferoli, kutoka maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuleta uzazi.

Tulishike jambo moja katika habari hiyo: dawa ya kwanza ya panya wale ilikuwa majani mabichi.

Kazi ya vitamini E ni ulinzi. Mnajua mafuta yaliyokaa wazi siku nyingi: yanaanza kunuka, yanachachuka, yanakwaruza koo. Hiyo ni hewa inayaharibu. Mwili wetu nao una mafuta. Kila chembe hai, ya damu, ya misuli, ya ubongo, imezungukwa na ngozi nyembamba iliyojengwa kwa mafuta, na hayo pia yanaweza kuharibika kwa namna hiyohiyo. Vitamini E inakaa ndani ya ngozi hiyo kama mlinzi mlangoni. Uharibifu unapokuja, unampiga yeye kwanza.

Ushahidi wa kazi hiyo tunauona kila mara watoto wanapopewa matone ya vitamini A, yale ya kidonge cha buluu kwa wenye miezi 6 hadi 11 na cha rangi nyekundu kwa wenye mwaka 1 hadi miaka 5. Ndani ya kidonge hicho, pamoja na vitamini A, huwa kumetiwa vitamini E kidogo ili kuilinda isiharibike kabla haijafika kinywani mwa mtoto.

Na kama ilivyo kwa vitamini A, D na K, vitamini E husafiri na mafuta. Mtu anayekula majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi tu anapata kidogo sana ya vitamini zilizomo. Kijiko cha mafuta katika mboga ndicho kinazibeba kuziingiza mwilini.

Tunahitaji kiasi gani?

Kipimo kinachotumika Marekani kinasema hivi kwa siku: mtu mzima, miligramu 15, mama mjamzito, 15 vilevile, mama anyonyeshaye, 19, mtoto wa mwaka 1 hadi 3, miligramu 6, wa miaka 4 hadi 8, miligramu 7.

Tuone chakula chetu kinatoa nini. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina karibu miligramu 2. Kijiko kama hicho cha mafuta ya alizeti kina zaidi ya 5. Cha mafuta ya soya, karibu 1. Karanga za kujaza kiganja, kama gramu 30, zina miligramu 2 na nusu. Avoka nusu, kama moja na nusu. Majani ya kijani, sombe, lengalenga, matembele, yanaongeza yake.

Sasa tumhesabie mtoto wa miaka 2. Vijiko viwili vidogo vya mawese katika uji na mboga: miligramu 1 na nusu. Karanga za kusaga, zile gramu 30 zikigawanywa asubuhi na jioni: 2 na nusu. Nusu ya avoka: 1 na nusu. Tayari tuna 5 na nusu, na sombe bado haijapakuliwa. Huyo mtoto amefika, na hakuna aliyeingia duka la dawa.

Mawese: rangi ile si urembo

Juu huku kwetu michikichi haistawi kama kule chini. Mawese yanayouzwa Likasi yanakuja kutoka Kasai na kaskazini ya Katanga, kwa treni na kwa malori, ndani ya bidoni na mapipa. Wazee wa kambi za Union Minière, na baadaye Gécamines, wanakumbuka mposho: unga, samaki, karanga, mawese. Kampuni ilitaka wafanyakazi wenye nguvu, na mafuta yalihesabiwa katika nguvu hiyo. Siku hizi nyumba nyingi hazina mposho, na mama ndiye anayehesabu.

Rangi nyekundu ya mawese ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ile ya macho na ya kupambana na magonjwa. Pamoja nayo imo vitamini E. Zote mbili zinapatikana kwa wingi katika mawese mabichi, yaani yale ambayo hayajasafishwa na kiwanda wala kuunguzwa motoni.

Mafuta meupe ya chupa, mengi yakipita Kasumbalesa kutoka Zambia na mbali zaidi, ni ya alizeti, ya soya, au ni mawese yaliyosafishwa yakaondolewa rangi. Si mabaya. Ya alizeti yana vitamini E nyingi kuliko yote tuliyoyataja. Lakini hayana karotini, isipokuwa kiwanda kimeyatia vitamini A. Someni karatasi ya chupa.

Mwezi wa Juni na Julai, baridi inaposhika, mawese yanaganda ndani ya bidoni: chini kizito cha rangi hafifu, juu mafuta mepesi mekundu. Wengine hudhani wameuziwa mafuta mabovu. Hapana, ni tabia yake. Karotini na vitamini E zinapenda kubaki katika ile sehemu nyepesi ya juu. Kwa hiyo tusikubali kupimiwa ya chini tu. Mwambie mama muuzaji apashe bidoni kidogo juani kwa muda mfupi, atikise, ndipo apime.

Sokoni na nyumbani

Tunaponunua, tunuse kwanza. Mafuta mazuri yana harufu ya tunda. Yanayonuka kama rangi ya ukuta au kama sabuni ya zamani yamekwisha kuharibika, na vitamini E yake imekwenda. Tuyaonje kidogo kwenye ulimi; yakikwaruza koo, tuyaache.

Tutazame pia yalipokaa. Chupa nyeupe zilizopangwa juani tangu asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, zinapendeza macho ya mnunuzi, lakini mwanga unakula vitamini. Afadhali mafuta yaliyokaa kivulini. Mama wauzaji, mkitandaza kitambaa juu ya chupa zenu mnatunza bidhaa yenu na wateja wenu.

Nyumbani, chupa ifungwe vizuri, ikae mahali penye giza, mbali na mbabula. Tusichanganye mafuta ya zamani na mapya katika chupa moja, kwa sababu yaliyoharibika huharakisha kuharibika kwa yale mazima. Chupa ioshwe na ikauke kabisa kabla ya kutiwa mafuta mengine. Kama hela inaruhusu kununua kidogo kidogo tu, hilo si aibu. Mafuta ya wiki moja yana nguvu kuliko ya miezi mitatu.

Karanga nazo zina mafuta, na zinaharibika vivyo hivyo. Zaidi ya hapo, karanga zenye ukungu, zilizokunjamana au kubadilika rangi, zinaweza kuwa na sumu inayodhuru ini. Kuzikaanga hakuondoi sumu hiyo. Tuzichague moja moja na mbovu tuzitupe, hata ikiuma.

Moto: hapo ndipo tunapoteza zaidi

Tuna desturi ya kuacha mawese motoni mpaka wekundu upotee na moshi ujae jiko, ndipo kitunguu kinatiwa. Tunafanya hivyo ili harufu kali itoke. Lakini wekundu unapopotea, karotini imekwisha, na vitamini E imepungua pamoja nayo. Tumenunua mafuta mekundu kwa bei yake, tukayageuza kuwa meupe kwa makala yetu wenyewe.

Tufanye hivi: mafuta yapate moto mpaka yatembee vizuri ndani ya nyungu, kitunguu kiingie mapema, kisha tomati. Harufu ya kitunguu itaifunika ile kali. Yasifike kutoa moshi. Na kama mafuta yananuka sana mpaka lazima yaunguzwe, basi hayo hayakuwa mafuta mazuri tangu sokoni.

Kwa sombe, kazi ni rahisi zaidi. Maji yanayochemka hayapiti digrii 100, lakini mafuta matupu motoni yanavuka digrii 200 upesi. Sombe ikishatwangwa na kuchemka vizuri, ndipo tunatia mawese ndani ya mchuzi wake na kuyaacha yaive nayo. Maji yanayalinda. Mapishi ya bibi zetu, ya sombe na mawese na karanga za kutwanga, yanampa mtu majani, mafuta na karanga katika sahani moja, na samaki kidogo, ndagala au kapenta, vikipatikana.

Mama wanaokaanga vitumbura

Hapa tunazungumza na wenzetu wanaolisha watoto kwa kikaango. Hatuna neno la kulaumu. Mafuta ni gharama kubwa kuliko unga, na hakuna anayeweza kumwaga kikaango kila siku.

Mafuta yanayokaangiwa tena na tena, vitamini E yake hufa kwanza, na baada ya mlinzi kufa mafuta yenyewe yanavunjika haraka. Dalili ni hizi: rangi inakuwa nyeusi, povu linapanda na kukaa, moshi unatoka mapema, mafuta yanakuwa mazito na yananata vidoleni. Yakifika hapo, hayafai tena kuliwa.

Yapo mambo yanayoyaongezea maisha. Yachujwe kwa kitambaa safi yakishapoa kidogo, maana makombo yaliyoungua yanayaharibu. Yafunikwe baada ya kazi. Moto usipite kiasi; kitumbura kinachoiva taratibu kinakunywa mafuta zaidi, lakini kinachoungua nje na kubaki kibichi ndani kinaonyesha moto umezidi. Kikaango chembamba na chenye kina kinataka mafuta machache kuliko kipana. Mawese yanastahimili kikaango kuliko alizeti. Ya alizeti yana vitamini nyingi lakini yanachoka upesi kwa moto mkali, kwa hiyo ni bora kuyatumia katika mboga, katika uji au juu ya saladi.

Mafuta yaliyochoka yasiende katika mboga ya watoto. Makundi yanayopika sabuni yanaweza kuyanunua. Sabuni haijali kama vitamini imekwisha. Ila soda ya kutengenezea sabuni inaunguza ngozi na macho vibaya sana: glavu mikononi, watoto mbali.

Mjamzito na mtoto mchanga

Kwa sababu ya habari ya wale panya wa 1922, wauzaji wengi huahidi kwamba kidonge cha vitamini E kitazuia mimba kutoka. Panya wale walikuwa wamenyimwa vitamini E kabisa. Mama anayekula karanga na sombe hayuko katika hali hiyo. Jambo hili limejaribiwa kwa wanawake. Mwaka 2006, utafiti mkubwa uliofanywa hasa Uingereza uliwapa wajawazito zaidi ya 2,000 vitamini C na E kwa wingi ili kuzuia shinikizo la damu la ujauzito. Ugonjwa haukuzuilika, na watoto wenye uzito mdogo walikuwa wengi zaidi kwa waliokunywa vidonge. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (OMS) liliandika wazi kwamba vidonge vya vitamini E na C havishauriwi kwa wajawazito kwa ajili ya kuboresha uzazi.

Mimba inapotoka, zaidi ya mara moja hasa, kuna mambo ya kutafuta: malaria, kaswende, upungufu wa damu, na mengine ambayo kituo cha afya kinaweza kupima. Mama aliyepoteza mimba ana uchungu, na mwenye uchungu hununua kila kinachoahidiwa. Tumsindikize CPN. Huko atapata vidonge vya chuma na asidi ya foliki, dawa ya kuzuia malaria, chandarua. Hivyo ndivyo vinavyojulikana kuokoa.

Mtoto akizaliwa, maziwa ya kwanza, yale ya njano, yana vitamini E nyingi kuliko maziwa yanayofuata. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo sana, na aliyezaliwa kabla ya wakati ana ndogo zaidi. Tusiyakamue kuyamwaga. Yampatie mtoto kinga na akiba yake.

Maziwa ya mama, karibu nusu ya nguvu yake inatoka katika mafuta. Mtoto akitoka hapo kwenda kwenye uji mtupu wa mahindi, amehama kutoka chakula chenye mafuta kwenda chakula kisicho nayo, na tumbo lake ni dogo, hawezi kula mabakuli matatu. Kuanzia miezi 6, tumtilie kijiko kidogo cha mafuta katika uji ulioiva, na karanga zilizosagwa laini. Gramu moja ya mafuta inatoa nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga. Karanga nzima tusimpe mtoto mdogo, zinaweza kumkaba.

Mtoto asiyeongezeka uzito ingawa anakula, anayeharisha mara kwa mara choo chenye mafuta, au anayeyumba akitembea, apelekwe kwa daktari. Wapo watu wachache ambao miili yao haiwezi kushika mafuta, kwa ugonjwa wa ini au wa matumbo, na hao ndio hasa wanaopungukiwa vitamini E. Wanahitaji matibabu ya kweli, kwa kipimo cha daktari.

Wingi si afya

Kwa wengine wote, vidonge vya nguvu vina hatari yake. Utafiti wa wanaume zaidi ya 35,000, wengi wao wa Marekani na Kanada, ulionyesha mwaka 2011 kwamba waliokunywa vitamini E nyingi kila siku kwa miaka walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17 kuliko wasiokunywa. Vitamini E nyingi pia inachelewesha damu kuganda. Mtu anayekunywa dawa za kulainisha damu asiiguse bila kumwuliza daktari. Na kupaka kidonge usoni huwatoa wengine vipele. Chakula hakijaonyesha hatari hiyo. Hakuna aliyeumwa kwa vitamini E ya karanga.

Mafuta yenyewe nayo yana mpaka. Nusu ya mawese ni mafuta mazito, ya aina inayoziba mishipa ya damu yakizidi. OMS inashauri kwamba kwa watu wazima mafuta yote ya siku yasipite asilimia 30 ya nguvu ya chakula. Mboga inayoelea katika mafuta si ya mtu mwenye shinikizo la damu. Yule mdogo anayekua aongezewe kijiko. Baba mwenye kitambi apunguziwe. Nyungu ni moja, lakini mkono wa kupakua unajua nani ni nani.

Kazi ya wiki hii

Tunaomba kila kundi lifanye mambo matatu. La kwanza: kila mama aje na mafuta yake kidogo katika kikombe, tunuse na kuonja pamoja, tujue nani ananunua wapi mafuta mazuri. La pili: watu watano au sita wachange wanunue bidoni moja ya mawese mabichi yaliyo safi, walitikise, wagawane, kila mmoja ayaweke gizani. La tatu: kila mama mwenye mtoto wa chini ya miaka 2 amtilie kijiko kidogo cha mafuta katika uji kila siku, kisha tutazame kadi ya uzito siku ya CPS mwezi ujao.

Na aliyekuwa ameweka franka kando kwa ajili ya vidonge, anunue karanga.